Usingoje Mwisho wa Mwezi: Jenga Upya Gurudumu la Pikipiki Yako Nyumbani



Hapa Mutakura pikipiki si pambo. Ndiyo inayomfikisha mtu kazini kwa zamu ya alfajiri, ndiyo inayoleta gunia la mpunga kutoka Gihanga, na wako wanaobeba abiria jioni ili kuongeza kipato. Machi 2022 serikali ilizuia pikipiki, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya jiji la Bujumbura. Kazi nyingi ya pikipiki ikahamia pembezoni, kwenye njia za udongo na mashimo. Na penye mashimo gurudumu huumia mapema.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuanguka. Spoki moja ya gurudumu la nyuma ilikatika, nikasema moyoni: zimebaki 35, nitangoja mshahara. Baada ya wiki mbili zilikuwa zimekatika nne. Siku moja narudi na mzigo, rimu ikayumba hadi tairi likasugua chuma, nikatupwa kando ya barabara. Nilipona kwa michubuko, lakini nilikosa kazi siku tatu. Spoki moja haifiki hata ujira wa siku moja.

Nguvu ya spoki iko wapi?

Wengi hudhani habu imekalia spoki kama paa lililokalia nguzo. Sivyo. Spoki ni nyembamba, ukiisukuma hujipinda. Nguvu yake ni katika kuvuta. Zote huvuta rimu (wengi wetu huiita janti) kuelekea habu kwa wakati mmoja, na ndiyo maana rimu husimama imara. Moja ikikatika, jirani zake hubeba mzigo wake, nazo huchoka na kukatika upesi. Zile za upande wa pili hubaki zikivuta bila wa kuzizuia, na rimu hupinda.

Spoki hupishana kwa sababu maalumu. Mwaka 1874 James Starley wa Coventry, Uingereza, alipata hataza ya gurudumu ambalo spoki zake hutoka kwa mshazari pembeni mwa habu. Kwa mpango huo habu inapozungushwa na mnyororo, au inaposhikwa na breki, spoki huvuta rimu pamoja nayo. Basi usibadili mpishano uliotoka nao kiwandani.

Kabla ya kufungua

Piga picha za gurudumu kwa simu, pande zote mbili. Kisha weka rula iliyonyooka juu ya ukingo wa habu na upime umbali hadi ukingo wa rimu. Andika kipimo hicho, kwa kuwa katika pikipiki nyingi rimu haikai katikati kabisa ya habu.

Tikisa gurudumu kwenye ekseli. Likicheza, beringi zimekwisha. Zibadilishe kwanza, maana bila hivyo utanyoosha bure. Rimu au habu ikiwa na ufa, usiijenge tena.

Toa tairi na tyubu. Tia mafuta kwenye nipeli, yaani zile nati ndogo ndefu zinazoshika ncha za spoki, uache zilowe usiku mzima. Legeza zote kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, ukizunguka rimu nzima. Spoki za ndani na za nje hutofautiana mkunjo wa shingo, hivyo zifunge mafungu mawili. Unaponunua nyingine, nenda na ya zamani mkononi. Urefu, unene na mkunjo vilingane.

Kupanga spoki

Laza habu mezani. Ingiza kwanza spoki za ndani, kisha za nje, ukifuata picha yako. Angalia matundu ya rimu: kila moja limeelekezwa upande ambako spoki yake inatoka. Funga nipeli kwa vidole tu, kisha kaza zote hadi uzi wa spoki ufichike kwa kiasi kilekile.

Kunyoosha

Huhitaji mashine. Rudisha gurudumu kwenye pikipiki bila tairi, juu ya stendi ya katikati, na ufunge msumari au waya mgumu karibu na rimu uwe alama. Zungusha polepole.

Kwanza shughulikia kupanda na kushuka. Pale rimu inapotokeza nje, kaza kidogo spoki za pande zote mbili. Pale ilipoingia ndani, zilegeze. Kisha tazama kuyumba. Ikienda kulia, legeza spoki zinazotoka upande wa kulia wa habu mahali hapo na ukaze zinazotoka kushoto. Geuza robo mzunguko tu kila mara. Ukitazama kutoka nje ya rimu kuelekea habu, kukaza ni kufuata mwendo wa mishale ya saa.

Kila ukirekebisha moja, nyingine huguswa, kwa hiyo rudia vipimo vyote, pamoja na kile cha rula. Vitabu vingi vya matengenezo huruhusu milimita 2, lakini mwenye subira hufika milimita 1. Mwisho gonga kila spoki kwa spana ndogo. Iliyokazwa hulia wazi, iliyolegea hutoa sauti nzito iliyofifia.

Ncha ya spoki ikitokeza juu ya nipeli, ipige tupa, isije ikatoboa tyubu. Rudisha mkanda wa rimu, funga tairi, kisha hakikisha mnyororo, nati ya ekseli na breki viko sawa kabla ya kuondoka.

Baada ya safari ya kwanza

Spoki mpya hujikalisha mahali pake na kulegea kidogo. Zigonge tena baada ya siku ya kwanza, kisha baada ya wiki, na usibebe mzigo mzito kabla ya hapo.

Leo jioni, kabla hujafunga mlango, pitisha mkono kwenye spoki zako moja moja. Ukikuta iliyolegea, kaza. Ukikuta iliyokatika, pikipiki ilale hapo hadi upate nyingine. Heri kwenda kazini kwa miguu kesho kuliko kulala kitandani siku tatu.