Mbio na Malezi (Sehemu ya Nne): Kigari cha Kukimbilia na Udongo wa Nassa

Ushindi wa Alphonce Simbu jijini Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, ulioiletea Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya riadha ya dunia, ulipatikana kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu dhidi ya Mjerumani Amanal Petros baada ya saa 2, dakika 9 na sekunde 48 za kukimbia, na tangu siku hiyo mtu anayeonekana akikimbia alfajiri kando ya barabara haulizwi tena anakimbizwa na nani. Sehemu tatu zilizotangulia zilikwisha kushughulikia viatu, pumzi na ratiba ya mkimbiaji anayeanza, na hayo hayatarudiwa hapa. Lililobaki, ambalo huachwa nje ya mazungumzo ya riadha kana kwamba wakimbiaji wote ni makapera, ni swali la mzazi mwenye mtoto mdogo asiye na wa kumwachia, na ambaye amesikia kwamba kuna kigari kinachoweza kusukumwa huku mtu akikimbia.

Kigari hicho, ambacho hapa kitaitwa kigari cha kukimbilia, kisichanganywe na kigari cha kawaida cha kumtembezea mtoto. Kile cha kawaida kina magurudumu manne madogo ya plastiki yaliyokusudiwa sakafu ya duka, ilhali cha kukimbilia kina magurudumu matatu makubwa yenye matairi ya upepo, fremu ndefu inayomwezesha mkimbiaji kunyoosha hatua bila kugonga ekseli kwa vidole vya miguu, na uzito ambao mara nyingi hufika kilo 10 hadi 13 kabla mtoto hajakaa ndani. Ili kuelewa kwa nini chombo cha namna hiyo kinatazamwa kama kioja huko Nassa, katika nchi ya Wasukuma kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke, hakuna budi kwanza kuuliza kwa nini gurudumu lenyewe lilichelewa kufika Usukuma, na swali hilo, ambalo waandishi wengi hulipita kwa haraka, linastahili kupewa nafasi.

Gurudumu halikuchelewa kwa sababu watu wa bara walikosa akili ya kulitumia, kama walivyopenda kudai baadhi ya wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19, bali kwa sababu lilikosa mnyama wa kulivuta. Mwaka 1877 mhandisi Mskochi Alexander Mackay, wa shirika la kimisionari la CMS la Uingereza, alisimamia ukataji wa njia ya mikokoteni kutoka Saadani pwani hadi Mpwapwa, umbali wa zaidi ya kilomita 350, akitumaini kwamba maksai wangeburuta mizigo hadi ziwani, na mwaka huohuo shirika jingine la Waingereza, LMS, lilijaribu kupeleka magari yake ya maksai kuelekea Ziwa Tanganyika. Maksai walikufa mmoja baada ya mwingine. Aliyewaua ni mbung'o, yaani inzi anayeeneza nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na vijidudu viitwavyo tripanosoma, ingawa uhusiano wa inzi na vijidudu hivyo ulikuja kuthibitishwa na David Bruce huko Zululand katika miaka ya 1890, wakati mifupa ya maksai wa Saadani ilikuwa imekwisha kuwa vumbi. Wamisionari wa LMS walifika Ujiji Agosti 1878 kwa miguu yao na kwa vichwa vya wapagazi. Hata Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyewashusha tembo wanne wa India katika pwani ya Msasani mwaka 1879 kwa matumaini kwamba wangebeba kilichoshindikana kubebwa na ng'ombe, hakufanikiwa kuyaondoa mabega ya Wanyamwezi na Wasukuma katika biashara ya uchukuzi.

Kwa hiyo kila kitu kilichotoka pwani kilikwenda mwilini mwa mtu. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kuwa frasila mbili, yaani takriban kilo 32, ukibebwa kichwani, begani, au kwenye mzega, ambao ni mti unaolazwa begani na kufungwa mzigo katika ncha zake mbili. Kituo cha CMS kilichoanzishwa Nassa, kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke, mwishoni mwa miaka ya 1880, na ambacho mwaka 1909 kilikabidhiwa kwa wamisionari wa AIM na kuwa chimbuko la Kanisa la AIC nchini, kilizaliwa katika ulimwengu huo wa mabega. Lisilosemwa vya kutosha ni kwamba misafara ya Wanyamwezi ilikuwa pia na wanawake, ambao walitembea mwendo uleule wakiwa na vyungu na mikeka, na mara nyingi wakiwa na mtoto katika mbeleko, na mtoto huyo hakuhesabiwa katika frasila za mtu yeyote.

Mfano wa karibu zaidi na kigari cha kukimbilia katika historia ya Afrika Mashariki haukuwa wa mtoto hata kidogo. Mjini Mombasa, kuanzia miaka ya 1890 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, kulikuwa na reli nyembamba zilizopita mitaani kutoka Mji wa Kale kuelekea Kilindini, na juu yake vilipita vitoroli vyenye viti na paa la turubai, ambavyo vilisukumwa na wanaume wa Kiafrika waliokuwa wakikimbia nyuma yake huku afisa au mfanyabiashara ameketi mbele akipunga upepo. Huo ndio ulikuwa mpangilio wa kwanza wa mkimbiaji, magurudumu na abiria katika pwani hii: mtu mzima mwenye nguvu alikimbizwa na mtu mzima mwingine kwa sababu ya cheo. Anayesukuma mtoto wake mwenyewe, kwa hiari yake na kwa afya yake, ameupindua mpangilio huo, na wanaomcheka njiani wangefanya vyema kukumbuka ni msukumo upi uliostahili kuchekwa. Inafaa pia kusemwa wazi kwamba mbeleko, ambayo kwa usalama na ukaribu wa mtoto na mzazi haijapata mshindani, imeachiwa mama peke yake kwa muda mrefu mno, na baba anayeona haya kumbeba mwanawe mgongoni huenda akakubali kumsukuma kwa kuwa chombo kina breki na spoki. Kama chuma ndicho kinachohitajika ili haya imtoke, basi na kije.

Huko Uingereza kigari cha mtoto kilianza kama pambo la matajiri, kwa kuwa kile kinachotajwa kuwa cha kwanza kilisanifiwa mwaka 1733 na William Kent kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire, kikivutwa na mnyama mdogo. Tairi la upepo, ambalo ndilo moyo wa kigari cha kukimbilia, lina asili ya kupendeza zaidi. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alipata mwaka 1888 hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya tairi alilolijaribu kwanza kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, aliyekuwa akitikiswa na barabara mbovu. Nchi ya wafugaji haiwezi kukosa kuona fahari katika jambo hilo, kwamba tairi la dunia nzima lilitoka mikononi mwa tabibu wa ng'ombe aliyemhurumia mtoto. Mwaka 1965 Mwingereza Owen Maclaren, aliyewahi kusanifu miguu ya kutua ya ndege ya kivita Spitfire, alisajili kigari chepesi cha aluminiamu kinachokunjika, na mwaka 1984 Mmarekani Phil Baechler, mwandishi wa habari aliyependa kukimbia, alifunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari cha mtoto wake, na kutokana na ubunifu huo ikazaliwa aina inayozungumzwa hapa.

Kuchagua kigari hakuanzi dukani, bali huanza ardhini. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alipendekeza mwaka 1935 neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo kueleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio uleule kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, lakini Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo kabla Milne hajazaliwa. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, udongo wa kichanga ambao hulimeza gurudumu jembamba na kumfanya msukumaji alime badala ya kukimbia. Chini yake kuna itogolo, ambao juu ni mchanga na ndani ni tabaka gumu. Kisha ibambasi, ardhi ngumu iliyokauka ambayo wakati wa kiangazi ni njia nzuri kuliko zote kwa kigari. Na bondeni kuna mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa za kuweza kumeza gurudumu la mbele wakati wa jua, na kuganda kwenye spoki kama ugali wakati wa mvua. Mkazi wa Nassa, ambaye katika kilomita 5 anaweza kuzipita zote nne, anahitaji tairi pana na kubwa, lenye kipenyo kisichopungua inchi 16 nyuma na inchi 12 mbele, na asidanganywe na magurudumu ya sponji yanayosifiwa kwamba hayapati pancha, kwani hayo humpelekea mtoto kila jiwe. Mbigili zipo, na zitatoboa. Lakini kiraka na solusheni vinapatikana kwa fundi baiskeli yeyote kuanzia Lamadi hadi Bariadi.

Fundi huyo ndiye anayepaswa kuulizwa kabla ya pesa kutoka. Vigari vingi vinavyofika kanda ya Ziwa ni mitumba, na kigari ambacho tairi lake halipatikani ni mzigo wa chuma chakavu, kwa hiyo mnunuzi asome namba zilizopigwa ubavuni mwa tairi, ambapo 47-305, kwa mfano, ina maana ya upana wa milimita 47 na kipenyo cha ringi cha milimita 305, ambacho ni kile cha baiskeli nyingi za watoto za inchi 16. Kisha azungushe kila gurudumu likiwa hewani aone kama linayumba, na asukume kigari kitupu kwa mkono mmoja aone kama kinakwenda upande. Gurudumu la mbele linalogeuka huku na huko linafaa sokoni, lakini kwenye mwendo wa kukimbia hutetemeka na kuweza kukipindua kigari, hivyo ama liwe la kudumu, ama liwe na kitasa cha kulifunga lielekee mbele. Jinsi gurudumu hilo linavyoshikiliwa si jambo dogo: Februari 2018 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilifungua shauri dhidi ya kampuni ya Britax, ikidai kwamba gurudumu la mbele la vigari vyake vya BOB, lililofungwa kwa wenzo wa kufungua haraka, liliweza kuchomoka na kuwajeruhi watoto na wazazi, na shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano Novemba mwaka huohuo. Anayenunua mtumba wa aina yoyote wenye wenzo wa namna hiyo aukaze na kuukagua kila asubuhi, au fundi auondoe na kufunga nati. Mikanda ya mtoto iwe ya ncha tano, yaani miwili mabegani, miwili kiunoni na mmoja kati ya mapaja, na kuwe na ukanda wa kuunganisha mpini na kifundo cha mkono cha mkimbiaji, kwa sababu mteremko haumsubiri aliyejikwaa.

Mtoto mwenyewe asiwekwe kwenye kigari kinachokimbia kabla hajaweza kushika shingo na kuketi imara, jambo ambalo wataalamu wengi wa watoto hulikadiria kati ya miezi 6 na 8, na mhudumu wa kliniki ndiye wa kuulizwa, si jirani. Kufunika kigari kwa kanga ili kuzuia jua, ingawa hufanywa kwa mapenzi, huzuia hewa na kupandisha joto ndani, na mzazi aliyekwisha kulowa jasho hawezi kulitambua joto la mtu aliyeketi tuli. Paa la kigari na saa ya mapema vinatosha. Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, pamoja na uzuri wa lami yake, inamweka mtoto kwenye kimo kilekile cha moshi wa malori, kwa hiyo njia za ndani zenye ibambasi ni bora kati ya Juni na Septemba, na mvua za Novemba zikishaingia mbugani, kigari huoshwa, hukunjwa na kuwekwa ghalani, na mtoto hurudi kwenye mbeleko.