Nani Anakaa Getini? Watu na Gharama za Maegesho ya Magari

Kibanda kimoja cha kulipia maegesho, kikiwa wazi usiku na mchana, kinahitaji saa 8,760 za kazi kwa mwaka. Sheria ya kazi ya Tanzania inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na inampa mfanyakazi likizo ya siku 28, hivyo karani mmoja hutoa takriban saa 2,160 kwa mwaka. Kiti hicho kimoja basi kinataka watu wanne na ushei, kabla mtu hajaugua wala kufiwa. Penye makarani kwenye geti la kuingia na la kutoka, idadi hufika wanane au tisa.

Wapo wamiliki wanaohesabu zamu tatu na kuajiri watu watatu. Hesabu hiyo inasahau Jumapili, sikukuu na likizo. Pengo huzibwa kwa saa za ziada, ambazo kisheria hulipwa angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, au kwa kumkesheza mtu aliyekwisha kuchoka. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi nayo huongezewa angalau asilimia 5. Juu ya mshahara kuna mchango wa mwajiri katika mfuko wa hifadhi ya jamii, sare, na mtu wa kufunga hesabu kila zamu. Huyo wa mwisho ndiye husahauliwa kuliko wote, ingawa penye fedha taslimu ni lazima awepo: anayepokea fedha hapaswi kuwa ndiye anayezihakiki. Gari likiruhusiwa kutoka kwa nusu bei bila tiketi, hasara hiyo haionekani kwenye orodha ya mishahara, lakini ni gharama ya mfumo kama zilivyo nyingine.

Uwanja unaofungwa jioni ni jambo jingine kabisa. Ukifunguliwa saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, kibanda kinahitaji saa 72, yaani watu wawili tu. Ndiyo maana maegesho ya soko na ya hospitali inayofanya kazi usiku kucha hayawezi kulinganishwa kwa kuhesabu magari peke yake.

Mahali pa kulipia napo pana uzito wake. Ikiwa kila gari linatumia sekunde 30 kwenye geti la kutoka, kutafuta noti, kusubiri chenji, kupokea risiti, geti hilo hupitisha magari 120 kwa saa. Mechi ikiisha na magari 480 yakitaka kuondoka, la mwisho litatoka baada ya saa nne. Ada moja isiyobadilika inayokusanywa wakati wa kuingia huondoa foleni hiyo: vijana kadhaa husimama njiani kwa saa chache mashabiki wanapowasili, kisha geti huachwa wazi. Kwa shughuli za siku moja, hakuna mfumo ulio nafuu kuliko huo.

Barabarani hakuna geti, na gharama kubwa ni miguu ya wakaguzi. Jibu la kwanza la mashine lilikuwa mita ya kutumbukizia sarafu, iliyowekwa Oklahoma City, Marekani, mwezi Julai 1935, kwa senti tano. Mita ilipokea fedha, lakini bado alihitajika mtu wa kupita kutazama muda uliokwisha na mwingine wa kukusanya sarafu. Malipo ya simu yameondoa kazi ya pili, si ya kwanza. Katikati ya Nairobi ada hutozwa kwa siku, hivyo inatosha mkaguzi kulifikia gari mara moja. Dar es Salaam, ambako TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hutoza kwa saa na dereva hulipa kwa namba ya malipo, muda wa gari lazima ufuatiliwe. Mkaguzi anayetumia dakika moja kwa gari anaweza kukagua magari 360 kwa saa sita pale anapolipita kila moja mara moja tu. Akitakiwa kurudi kila saa, hamudu zaidi ya 60. Kwa hiyo muundo wa ada huamua idadi ya wafanyakazi hata kabla mashine haijanunuliwa.

Kwenye maegesho ya otomatiki, dereva huchukua tiketi kwa mashine, hulipa ndani ya jengo, na geti hufunguka lenyewe, au kamera husoma namba za gari. Mtu wa kibandani hutoweka, lakini wengine huja: fundi wa geti na sensa, mtu wa kupokea simu za waliopoteza tiketi, na mlinzi. Umeme ukikatika bila jenereta, mtu huitwa kuinua kizuizi kwa mkono. Faida kubwa hupatikana pale mtu mmoja anapohudumia viwanja kadhaa kwa kamera na simu. Penye uwanja mmoja mdogo, fundi na mkataba wa matengenezo vinaweza kumeza mishahara iliyookolewa.

Mahoteli huwaachia madereva wao funguo za wageni. Ikiwa kupeleka gari na kurudi kwa miguu huchukua dakika nne, dereva mmoja huhudumia magari 15 kwa saa; magari 90 yakifika kwa saa moja, wanahitajika madereva sita, pamoja na mtunza funguo na bima. Ni mfumo unaokula watu, ila unaokoa ardhi. Gari hukalia mita za mraba 12 hivi, lakini pamoja na njia ya kupitia huhitaji 25 hadi 30, na madereva wa hoteli wanaweza kuyabananisha magari njiani. Lifti za magari huokoa nafasi hiyo hiyo kwa watu wachache, kwa bei ya ujenzi na umeme. Ikichukua dakika mbili kushusha gari, ni 30 tu kwa saa.

Mmiliki anayelinganisha mashine na kibanda hana budi kuanza na saa za kufungua. Kibanda cha saa 24 kikiondolewa, huokoa mishahara zaidi ya minne. Cha mchana huokoa miwili. Kutoka humo hutolewa mkataba wa fundi, vipuri na mlinzi, na bei ya mashine hugawanywa kwa kinachobaki kila mwaka ili kujua miaka ya kurudisha mtaji.