Nyumba Imtulizayo Mgonjwa wa Akili

Wengi wetu hudhani kwamba mgonjwa wa akili hufungwa kwa sababu ya ukali wa maradhi yake tu. Lakini yafaa ifahamike kwamba hata nyumba anamolazwa yaweza kumzidishia ukali huo au kumpunguzia.

Katika mji wa Gothenburg, nchi ya Uswidi, hospitali ya Östra ilifungua jengo jipya la wagonjwa hao mwaka 2006. Humo kila mgonjwa ana chumba chake na choo chake. Viti vya ukumbini husogezwa, atakaye upweke akaupata. Nuru ya jua huingia, na bustani i karibu. Profesa Roger Ulrich na wenziwe walililinganisha na hospitali ya zamani iliyolitangulia, na mwaka 2018 wakaeleza kwamba, kwa wagonjwa waliofungwa, wastani wa mara za kufungwa ulipungua kwa nusu.

Sababu ni nini? Msongamano, kelele na kukosa sitara huleta dhiki, na dhiki huzaa ghadhabu. Mwenye akili timamu akibanwa hukasirika, sembuse mgonjwa!

Wazee wetu katika Uislamu walilijua hili. Maristani ya Arghun, yaani hospitali iliyojengwa Halab katika Shamu mwaka 1354, ilikuwa na nyua zenye maji ya kuwaliwaza wagonjwa.

Basi, ewe msomaji uliye na mgonjwa nyumbani, mpeleke kwa daktari, kwani chumba peke yake si dawa. Lakini kabla hujatafuta kamba, kitazame chumba chake: kina dirisha? Kina utulivu? Wewe ungeweza kulala humo?