Arthur Lewis, mwanauchumi aliyetafuta sababu gani mkulima wa kahawa hatajiriki

Sababu gani mtu anayelima kahawa, miwa ao kakao anatoka jasho mwaka mzima na bado anabaki maskini, wakati mfanyakazi wa kiwanda cha chuma kule Ulaya analipwa mara nyingi zaidi? Swali hilo si geni kwa wakulima wa Kalehe na Idjwi. Mmoja kati ya waliolipatia jibu linalofundishwa mpaka leo katika vyuo vikuu alizaliwa mbali sana na Kivu, kwenye kisiwa kidogo cha Saint Lucia, katika bahari ya Karibi, tarehe 23 Januari 1915.

William Arthur Lewis alikuwa mtoto wa walimu. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 7, na mama akabaki peke yake na wavulana watano. Kijana alikuwa na akili nyingi: alimaliza shule akiwa na miaka 14 tu, umri mdogo mno kwa kuingia kwenye mtihani wa kupata msaada wa masomo ya juu. Akiwa anangojea, alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali, akajifunza kupiga mashini na kupanga faili.

Mtihani aliushinda mwaka wa 1932. Shida ilikuwa achague masomo gani. Yeye alitaka kuwa injinia, lakini serikali ya kikoloni haikuajiri injinia mweusi, na wenye mashamba ya miwa vilevile. Sheria, udaktari na ualimu havikumvutia. Akaenda London kusoma biashara, bila kujua vizuri uchumi ni kitu gani. Hivyo ndivyo ubaguzi ulivyowapatia wanauchumi mtu ambaye hakuwa wao.

Mwaka wa 1938 alianza kufundisha kwenye London School of Economics, akiwa mwalimu mweusi wa kwanza hapo. Chuo kingine cha Uingereza kilimkatalia nafasi kwa sababu ya rangi yake. Manchester ikamfungulia mlango: mwaka wa 1948, akiwa na miaka 33, akawa profesa kamili.

Jibu lilimjia ghafula Agosti 1952, akitembea kwa miguu njiani katika mji wa Bangkok. Mwaka wa 1954 aliandika makala iliyomfanya ajulikane duniani. Kwa maneno mepesi, anasema hivi: katika nchi maskini watu wengi wanaishi kwa kulima chakula, na mavuno ni madogo. Mwenye kiwanda ao mwenye shamba kubwa hana haja ya kulipa mshahara mzuri. Inatosha azidishe kidogo juu ya kile mtu anachokipata kwenye shamba la familia. Wanaotafuta kazi ni wengi, basi mshahara unakaa chini na faida inapanda. Mshahara utaanza kupanda siku watu hao watakapopungua.

Kuhusu kahawa, hesabu ni ileile. Mkulima akipata mbinu ya kuvuna zaidi, bei inashuka, na mnywaji wa ng'ambo ndiye anafaidika. Dawa, kwa Lewis, ilikuwa kuongeza kwanza mavuno ya chakula, ili mtu asikubali kulima kahawa kwa bei yoyote.

Si wote walikubaliana naye. Mmarekani Theodore Schultz alikataa wazo la kwamba vijijini kuna mikono isiyozalisha kitu: ukiiondoa, alisema, mavuno yatapungua. Ajabu ni kwamba mwaka wa 1979 hao wawili walipewa pamoja tuzo ya Nobel ya uchumi. Lewis akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Nobel isiyokuwa ya amani.

Afrika ilimjaribu kwa njia nyingine. Ghana ilipopata uhuru mwaka wa 1957, alikwenda Accra kuwa mshauri wa uchumi wa Kwame Nkrumah. Miaka minne mbele ya hapo alikuwa amekwisha kuandika kwamba nchi ile ianze na chakula, viwanda vifuate. Nkrumah alikuwa na haraka. Waligombana juu ya miradi mikubwa na matumizi ya heshima tu, na Nkrumah akamwandikia kwamba ushauri wake ni mzuri kiuchumi, lakini yeye ni mwanasiasa. Mwisho wa mwaka wa 1958 Lewis alifunga mizigo, bila kumaliza miaka miwili iliyopangwa.

Hasira ile ilizaa kitabu, Politics in West Africa, cha mwaka wa 1965. Wakati viongozi wengi walikuwa wanasifu chama kimoja, Lewis aliandika kwamba nchi yenye makabila mengi inahitaji serikali ya kugawana madaraka, la sivyo walioachwa nje hawatatulia. Wakongomani walioishi miaka ya chama kimoja, MPR, wanaweza kupima wenyewe.

Kisha alifundisha Princeton, Marekani, mpaka mwaka wa 1983, na katikati akaongoza Banki ya Maendeleo ya Karibi tangu ilipoanza, 1970 mpaka 1973. Alifariki Barbados mwezi wa Juni 1991, akazikwa Saint Lucia, katika uwanja wa chuo chenye jina lake. Sura yake iko kwenye noti ya dola 100 ya Karibi ya Mashariki, ambayo ndiyo noti kubwa kuliko zote kule kwao.