Hesabu ya Gharama na Faida Katika Kazi ya Uganga

Waganga na wauguzi hawapendi kusikia habari za fedha karibu na kitanda cha mgonjwa, wala si ajabu. Lakini fedha za dawa zina mwisho, na shilingi iliyotumika kwa mgonjwa mmoja haiwezi kutumika tena kwa mwingine. Ndiyo sababu ipo elimu ya kulinganisha gharama za tiba na faida yake. Elimu hii haitafuti dawa iliyo rahisi kuliko zote. Huuliza kila shilingi itakayoongezwa italeta afya kiasi gani, na kama ingeleta zaidi mahali pengine.

Mfano mzuri ni chandarua kilichotiwa dawa. Uchunguzi uliofanywa Kilifi kati ya mwaka 1993 na 1995 ulionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa 33 kwa mia, na waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa 44 kwa mia. Basi faida ilikwisha kujulikana; lililobaki ni nani alipe.

Wengi walishikilia kwamba mama mjamzito atoe walau fedha kidogo, kwa kuwa kitu cha bure hakitunzwi. Neno hilo lina sura ya hekima, ila lilikuwa halijapimwa. Wataalamu wawili wa uchumi, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walilipima katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakatoa taarifa yao mwaka 2010. Kliniki nyingine zilitoa vyandarua bure, nyingine ziliviuza kwa bei ndogo. Bei ilipofika shilingi 40 tu, katika kila kina mama mia waliochukua chandarua walipungua kwa 60. Waliopewa bure walikitumia sawasawa na walionunua. Na walionunua hawakuwa na upungufu wa damu kuliko wenzao, hata isemwe kwamba bei iliwachagua wenye haja zaidi.

Tena chandarua huua mbu, hivyo jirani naye hukingwa. Faida hiyo haionekani katika daftari la mapato ya kliniki. Humo huandikwa shilingi 40 zilizopokewa. Mama aliyerudi nyumbani mikono mitupu haandikwi, na mtoto wake akiugua, gharama zake huandikwa katika daftari la wodi.