Matofali Yanayoanguka Hata Usingizini

Sisi tuliosoma shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 90 hatuhitaji kuelezwa gemu ya matofali. Kilikuwa kimashine cha kiganjani chenye betri mbili ndogo, kioo cha kijivu na mlio uliowakera wazee hata wakiwa chumba cha tatu. Juu yake kiliandikwa kuwa kina michezo 9999. Ukihesabu kwa uadilifu, ni michache tu iliyorudiwarudiwa kwa kasi tofauti. Wafanyabiashara nao!

Asili yake ni Tetris, mchezo uliobuniwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika taasisi ya sayansi ya dola ya Kisovieti. Maumbo ya aina saba, kila moja likiwa na miraba minne, huanguka kutoka juu. Mchezaji huyageuza na kuyapanga ili ajaze mstari. Mstari ukijaa hutoweka. Yakibaki matundu, rundo hupanda hadi juu na mchezo unakwisha. Mwaka 1989 uliuzwa pamoja na Game Boy ya Nintendo, ukaenea duniani. Vimashine vya bei nafuu vilivyotufikia huku Pwani ni wajukuu zake.

Tumeurejea mchezo huu kwa kuwa watoto wa madrasa zetu hapa Maili Moja sasa wanaucheza kwenye simu za wazazi wao. Tuliucheza jioni mbili tatu, na ladha yake haijachuja hata kidogo. Lakini usiku, tulipofumba macho, matofali yaliendelea kuanguka.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2000, Robert Stickgold wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu waliocheza Tetris kwa siku kadhaa. Wengi wao waliyaona maumbo hayo walipokuwa wakisinzia. La ajabu zaidi, miongoni mwao walikuwamo wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, ambao hawakukumbuka hata kwamba waliwahi kuucheza, nao wakayaona.

Hapo ndipo tunapowaomba wazazi watazame saa. Ikiwa mchezo umetiwa dau, hukumu yake inajulikana na hatuna la kuongeza. Usipokuwa na dau, sisi hatuoni sababu ya kumpiga marufuku mtoto aliyemaliza kazi zake alasiri. Ila mtoto anayehifadhi sura, akaidurusu baada ya Magharibi, kisha akapewa simu mpaka usingizi umchukue, aende kitandani na nini? Kwa maoni yetu, simu ikae kwa mama kuanzia Magharibi, na kitu cha mwisho kupita akilini mwa mtoto kiwe somo lake.

Nguvu hiyohiyo ya kuikalia akili ina upande mwingine, nao unatugusa sisi tunaoishi kando ya Barabara ya Morogoro. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford, Uingereza, na wenzao walitoa matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu 71 waliofikishwa hospitalini baada ya ajali za barabarani. Baadhi yao, ndani ya saa 6 tangu ajali, waliombwa wakumbuke kwa ufupi yaliyowapata, kisha wakacheza Tetris kwa muda wa dakika 20 hivi. Katika wiki iliyofuata, picha za ajali ziliwajia mara chache kuliko wenzao ambao hawakucheza. Maelezo ya watafiti ni kwamba akili inayoshughulika na kupanga maumbo haina nafasi kubwa ya kuikaza picha ile ya kutisha.

Hatusemi majeruhi apewe simu badala ya matibabu. Lile lilikuwa jaribio lililosimamiwa na wataalamu. Tunachosema ni kwamba picha hizo ni maradhi yenye kuchunguzwa. Ni wangapi majumbani mwetu ambao mifupa yao iliunganishwa katika hospitali ya Tumbi, nao hadi leo hushtuka kila wasikiapo breki za lori, nasi tukawaambia tu wavute subira? Subira ni wajibu, na kutafuta tiba pia ni wajibu. Mgonjwa wa namna hiyo anaporudi kliniki kuonyesha mguu, amweleze daktari na habari za usiku wake. Na akiona haya, aliyemsindikiza aseme kwa niaba yake.