Gitaa Linalosema Maneno

Katika muziki wa benga, mwimbaji akimaliza mstari, gitaa la solo humjibu. Hurudia sauti ile ile, karibu silabi kwa silabi, kabla hajavuta pumzi ya mstari unaofuata. D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz walifanya hivyo kwa Kijaluo, Daniel Kamau akafanya kwa Kikuyu, na sisi tunaopiga kwenye harusi na harambee kuanzia Embu na Runyenjes, tukapita Chuka na Nkubu hadi Meru mjini, tunafanya kwa Kiembu na Kimeru. Ndiyo maana kijana akiniuliza, "Mwalimu, ninunue gitaa gani?" namwuliza kwanza kama anataka gitaa liseme maneno au livume tu.

Magitaa mengi tunayopiga huku ni nakala kutoka China, zinazonunuliwa Nairobi na kuletwa kwa matatu. Maumbo yake lakini yalibuniwa Marekani miaka ya hamsini, na ukiyajua matatu ya asili, karibu kila gitaa utakaloshika litakuwa ndugu ya mojawapo: Telecaster, Stratocaster na Les Paul.

Mawili ya kwanza yalitoka kwa Leo Fender, fundi wa redio wa California ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Telecaster, lililopata jina hilo mwaka 1951, ni ubao bapa usio na uwazi tumboni, na shingo yake imekazwa kwa skrubu nne. Sauti yake huchukuliwa na pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme huzaliwa ndani ya waya na kupelekwa kwenye amplifaya. Katika Telecaster pikapu ya nyuma imekaa ndani ya bamba la chuma la daraja, pale uzi unapokuwa mgumu zaidi, na sauti hutoka kavu na kali. Bana kapo, kile kibanio cha shingoni, panda juu ya shingo, na kila noti itasikika peke yake hata kwa spika ya kukodi iliyochanika. Kwa kumjibu mwimbaji, sijashika gitaa lililolishinda hili.

Stratocaster la 1954 lina pikapu tatu, na ubao wake umechongwa kuzifuata mbavu za mpigaji. Swichi yake ya kwanza ilikuwa na nafasi tatu tu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiisimamisha katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili hufanya kazi pamoja na sauti hulainika na kuwa ya kioo. Kiwanda kiliwakubalia baadaye, mwaka 1977, kwa swichi ya nafasi tano. Hapo katikati ndipo ninapopigia mi-solo, gitaa la kati linaloisindikiza solo, kwa kuwa sauti hiyo haimkanyagi mwenye solo. Udhaifu wake ni daraja linaloelea juu ya springi: uzi mmoja ukikatika, mingine yote hupoteza ulinganifu papo hapo, na bibi harusi tayari anaingia. Langu nimelizuia kwa kijipande cha Meru oak kilichopachikwa nyuma ya daraja. Halitikisiki tena, na sijutii.

Les Paul la kampuni ya Gibson, lililotoka 1952, ni mti mwingine kabisa. Ni mahogani iliyofunikwa kwa mbao ya mepo (maple), shingo yake imeunganishwa kwa gundi, na mara nyingi hupita kilo nne. Tangu 1957 limebeba pikapu za koili mbili alizobuni Seth Lover, ambazo watu huziita hambaka. Koili zimezungushwa kwa namna ambayo mvumo wa umeme wa nje unajifuta, ilhali sauti ya uzi inaongezeka. Faida hiyo utaijua siku utakayopiga kando ya jenereta. Koili moja ya Fender huunasa mvumo ule wote, hambaka hunyamaza. Sauti yenyewe ni nene na tamu, hukaa muda mrefu, na kwa nyimbo za polepole kanisani, au rumba ya taratibu, nalipenda sana. Kwenye benga ya kasi, sauti hiyo nene hugongana na kinanda na maneno ya solo yanamezwa.

Upo pia upande wa mkono. Uzi wa Fender hupimwa milimita 648 kutoka juu ya shingo hadi darajani. Wa Gibson ni kama 628. Kwa nyuzi za unene mmoja, tofauti hiyo inapunguza mvuto kwa karibu asilimia sita, na vidole vinaihisi mapema kwenye harusi inayoanza adhuhuri na kuisha giza likiingia. Lakini benga huchezwa juu, karibu na kifua cha gitaa, na pale Les Paul lina kisigino kinene cha shingo kinachouzuia mkono. Gibson wenyewe walilijibu hilo mwaka 1961 kwa umbo jembamba lenye pembe mbili, linaloitwa SG. Mpigaji solo anayetaka hambaka, heri atafute nakala ya hilo.

Halafu kuna hewa yetu. Ukitoka Manyatta kwenye ubaridi wa chai ukateremka Siakago kwenye joto la Mbeere, nyuzi hulegea na shingo ya mti husogea. Ndani ya shingo huwa kuna fimbo ya chuma ya kuinyoosha, nayo inahitaji robo ya mzunguko tu kwa ufunguo wake, kisha kusubiri mti utulie.

Mwenye pesa za gitaa moja tu namwambia achukue nakala ya Telecaster na nyuzi za unene wa namba kumi. Kinachobaki ampelekee fundi, asawazishe freti na kushusha nyuzi, kwa sababu nakala nyingi hutoka kiwandani zikiwa na nyuzi za juu mno, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa wakidhani vidole vyao ndivyo vibovu.